Tundu la Utotoni, Maradhi ya Uzeeni

Mazungumzo ya mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Chamwino, Dodoma





Naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kwa kawaida daktari akialikwa kusema mbele ya wazee, huombwa azungumze juu ya presha, kisukari na hatari ya chumvi nyingi. Mambo hayo ni ya kweli, nanyi mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Tena si uungwana kuyarudia mbele ya watu waliotoka kula nyama choma sasa hivi. (Kicheko.) Mimi nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo watu wengi, hata baadhi yetu waganga, hudhani haliwahusu wazee kabisa: kasoro za moyo ambazo mtu huzaliwa nazo, na namna zinavyotambuliwa kwa mtu mwenye umri wa miaka 50, 60 au hata 70. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Wale tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1974 mtakumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Tuliamshwa kabla ya jua, tukakimbia tukiimba, tukazunguka mibuyu ile mikubwa hadi barabarani na kurudi. Baada ya hapo tulishika majembe, maana Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno ya ubaoni tu. Mtakumbuka pia kwamba palikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kila siku alikuwa wa mwisho. Alianza pamoja nasi, akaimba pamoja nasi, lakini kabla hatujafika kwenye mibuyu alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akitweta. Shambani alilima hatua chache, akaegemea mpini wa jembe. Mwili wake ulikuwa mwembamba lakini hakuonekana mgonjwa. Alikula vizuri, alicheka vizuri, na katika hesabu alitushinda wengi.

Tulimwita mtegaji. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni, na kila Ijumaa niliandika orodha ya wategaji na kuipeleka panapohusika. Jina lake halikukosekana. Adhabu ilikuwa kuchota maji ya jikoni, yaani mtu aliyeshindwa kukimbia mikono mitupu tulimtwisha ndoo! Yeye hakulalamika. Baadaye akajitafutia kazi yake mwenyewe: akawa golikipa. Alijua kusimama mahali mpira utakapokuja, kwa hiyo hakuhitaji kukimbia. Sisi tukasema, ‘Mnaona? Mpira anauweza, jembe halimpendezi.’

Ndugu huyo ameniruhusu nieleze habari zake, isipokuwa jina. Wa bweni letu hawahitaji kutajiwa.

Miaka ikapita. Mimi nikaenda Muhimbili kusomea udaktari, yeye akawa karani, akaoa, akapata watoto, akapanda zabibu. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 56, alikuja kuniona kazini. Alisema anachoka, miguu inavimba jioni, na akipanda kilima pumzi inamkatika. Kabla ya kuja kwangu alikuwa amekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Pengine tena alimeza dawa za kifua kikuu miezi 6, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Na kwa kuwa binadamu hachoki kutafuta nafuu, alikuwa amekwenda pia kwa mganga wa kienyeji, akaonyeshwa jirani wa kumlaumu.

Mimi nilimpima presha, ikawa 150 kwa 90. Foleni nje ilikuwa ndefu. Nikamwandikia vidonge vya presha na vya kupunguza maji mwilini, nikamwambia, ‘Bwana, ni umri huo, sote tunazeeka.’ Niliweka chombo changu cha kusikilizia kifuani pake kwa muda ambao mtu huweka muhuri kwenye barua. Wala sikumwuliza lile swali ambalo leo nawaomba mlibebe kwenda nalo nyumbani: tangu lini?

Alirudi mwaka 2022, mwezi wa Machi, wakati wa mavuno ya zabibu. Mimi nilikuwa nimestaafu na kuhamia hapa Chamwino. Alikuja kunialika harusi ya binti yake. Kutoka barabarani hadi barazani kwangu hapazidi hatua 50, naye alisimama mara mbili. Alipofika akashika nguzo, akacheka, akasema, ‘Kiranja, leo utaniandika tena.’

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma. Nikamkalisha, nikamshika mkono kupima mapigo, nikaona hayana mpango: moja, mawili ya haraka, kimya, moja tena. Nikamwuliza, ‘Hali hii ya kukatikiwa pumzi umekuwa nayo tangu lini?’ Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jambo la kipuuzi. ‘Tangu lini? Tangu mchakamchaka.’

Nikaingia ndani kuleta chombo changu, na safari hii nikasikiliza kwa dakika nyingi. Nilichosikia nitawaeleza, lakini kwanza sharti tujikumbushe moyo ulivyo.

Moyo ni nyumba ya vyumba 4: viwili juu, viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu iliyotumika mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ili ipate hewa safi. Upande wa kushoto hupokea damu hiyo safi kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima. Kati ya pande hizi mbili pana ukuta, ili damu safi na iliyotumika zisichanganyike. Lakini mtoto akiwa tumboni mwa mama hapumui kwa mapafu yake. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameweka kilango katika ukuta wa vyumba vya juu, damu ipite bila kuzungukia mapafuni. Mtoto akizaliwa na kulia, kilango hujifunga. Kwa mtu 1 kati ya 4 hakishikani sawasawa, bali hubaki kama pazia, na aghalabu hakimsumbui maisha yake yote. Hilo si ugonjwa ninaouzungumzia. Ninaouzungumzia ni ule wa ukuta wenyewe kukosa kipande, pakabaki tundu la kweli.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wapatao 8 au 9 huwa na kasoro fulani ya moyo. Nyingine ni kubwa, na mtoto huonekana mgonjwa mapema: hanyonyi, hakui, midomo hugeuka rangi ya samawati. Nyingine ni za kimya. Tundu katika ukuta wa vyumba vya juu ni mojawapo ya hizo za kimya, na huonekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Mtoto mwenye tundu hilo anaweza kukua, kusoma, kuoa au kuolewa, kuzaa na kupata wajukuu, bila mtu yeyote kujua.

Mtauliza: ikiwa mtu amezaliwa na tundu, akaishi nalo miaka 50, kwa nini limletee taabu uzeeni? Hapo ndipo wengi wetu hupotea njia. Chukueni mfano wa kiriba cha ngozi. Kiriba kipya ni laini; ukikitia maji kinatanuka. Kiriba cha zamani kimekakamaa, hakitanuki. Sasa fikirini viriba viwili vilivyoungana, kimoja laini na kingine kikavu. Maji yatakwenda wapi? Yatakwenda kwenye kile laini. Ndivyo moyo ulivyo. Chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, kina misuli minene, na kadiri mtu anavyozeeka, hasa akiwa na presha, kinazidi kukakamaa. Damu inayofika upande wa kushoto, badala ya kushuka kwenye chumba kilichokakamaa, hupenya tunduni na kwenda upande wa kulia ulio laini. Tundu halikuongezeka ukubwa. Wingi wa damu inayopita ndio ulioongezeka. Upande wa kulia hupokea mzigo wake na mzigo wa jirani, hutanuka, huchoka, na mapafu hujazwa damu kupita kiasi. Kwa hiyo uzee na presha havikuuleta ugonjwa, viliufichua. Mimi nilipomwambia mwenzetu kwamba ni umri, nilisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika tiba ni hatari.

Dalili zake ndizo hizi. Kwanza ni kukatikiwa pumzi wakati wa kazi au kupanda kilima. Pili ni uchovu usiolingana na kazi iliyofanywa. Tatu ni mapigo ya moyo kwenda ovyo, jambo linalowapata wengi wa wagonjwa hawa baada ya umri wa miaka 40, kwa kuwa vyumba vya juu vimetanuka mno. Nne ni miguu kuvimba. Tano, na hii yatisha, ni kiharusi: bonge dogo la damu lililotokea mguuni, badala ya kunaswa mapafuni, linaweza kuvuka tunduni na kupanda hadi kwenye ubongo. Ninyi wenyewe mnaona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo ambayo si dalili ya maradhi mengine yaliyo mengi kwetu. Ndiyo maana mwenzetu alipewa pumu, akapewa kifua kikuu, akapewa presha, akapewa na jirani mchawi. (Kicheko.)

Basi hutambuliwaje?

Jambo la kwanza ni masimulizi ya mgonjwa, na hayagharimu hata senti. Je, utotoni ulikimbia na wenzako? Je, ulipata vikohozi na vichomi mara kwa mara? Je, kuna daktari aliyewahi kusema moyo wako una mlio? Je, katika ukoo yupo aliyezaliwa na kasoro ya moyo, au aliyekufa ghafula akiwa kijana? Mwanamke aulizwe pia alivyokuwa katika ujauzito, maana wakati huo damu huongezeka sana mwilini na moyo wenye kasoro huonyesha udhaifu wake.

Jambo la pili ni mkono na sikio. Hadithi ya Helen Taussig, daktari wa watoto wa Marekani, yafaa kukumbukwa hapa. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake, akajizoeza kuusoma moyo kwa vidole vyake; na mawazo yake ndiyo yaliyoleta ile operesheni ya mwaka 1944 ya watoto wenye midomo ya samawati, aliyoifanya Alfred Blalock kwa msaada mkubwa wa fundi Vivien Thomas. Mtu asiyesikia vizuri aliutambua moyo. Sisi tuliojaliwa masikio tunapitwa kwa haraka zetu.

Sikio husikia nini? Moyo hulia mara mbili. Mlio wa pili hutokana na vali mbili kubwa kufunga karibu kwa pamoja. Mtu mzima wa afya akivuta pumzi, mlio huo hupasuka vipande viwili. Akitoa pumzi, vipande huungana. Kwa mwenye tundu katika ukuta wa juu, mlio hubaki umepasuka wakati wote, avute pumzi asivute. Huambatana na mvumo mwororo, upande wa kushoto juu ya kifua. Ndicho nilichokisikia barazani siku ile, na bila shaka kilikuwapo mwaka 2016, na mwaka 1974 pia.

Jambo la tatu ni vipimo ambavyo leo havipo mbali: kipimo cha umeme wa moyo, na picha ya eksirei ya kifua. Picha huonyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka na mishipa ya mapafuni imejaa. Angalieni kwamba mapafu yaliyojaa damu, machoni pa mtu mwenye haraka, yanaweza kuonekana kama mapafu yenye kifua kikuu.

La nne ndilo linalokata shauri: kipimo cha eko. Hiki hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Kilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoazima chombo kutoka karakana ya meli, kilichokuwa kikitafuta nyufa ndani ya vyuma, wakakielekeza kwenye moyo. Kwa eko tunaona ukuta, tunaona tundu, tunapima upande wa kulia umetanuka kiasi gani, na tunakadiria shinikizo katika mapafu. Tundu likijificha, mgonjwa hutiwa mshipani maji ya chumvi yaliyotikiswa yakawa na vipovu. Vipovu vikionekana kuvuka ukuta, siri imetoka. Au humezeshwa kipimo chembamba, kinachoutazama moyo kutokea nyuma, ndani ya umio.

Sasa, tundu hilo si kasoro pekee inayofika uzeeni. Ipo vali ya mlango mkuu wa moyo iliyozaliwa na vipande 2 badala ya 3. Huipata mtu 1 au 2 katika kila 100, na mara nyingi hudhihirika mtu akiwa na miaka 50 na kuendelea, imekuwa ngumu na kubana, au inavuja. Upo pia mshipa mkuu wa damu kuzaliwa umebanwa mahali pamoja. Huyu ana presha kali mikononi na ndogo miguuni. Kumtambua hakuhitaji mashine kubwa: pima presha mkononi na mguuni, kisha gusa mapigo kwenye kinena. Mapigo ya kinena yakiwa dhaifu au yakichelewa nyuma ya yale ya mkono, hapo pana jambo. Kijana mwenye presha, kabla hajaambiwa ameze vidonge maisha yake yote, apimwe hivyo walau mara moja.

Ndugu Mwenyekiti, nimewahi kuulizwa, ‘Mzee amefika 60, ya nini kumsumbua na habari za kuzaliwa?’ Jibu ni kwamba ugonjwa wenye jina una njia. Mwaka huo huo wa 1953, mwezi wa Mei, daktari John Gibbon wa Philadelphia alifunga tundu la aina hii katika moyo wa msichana wa miaka 18, akitumia kwa mafanikio mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu. Katikati ya miaka ya 1970, wakati sisi tunalima shamba la shule, Terry King na Noel Mills, huko huko Marekani, walifanikiwa kuziba tundu bila kupasua kifua: mrija mwembamba uliingizwa kwenye mshipa wa paja, ukapandishwa hadi moyoni, ukaacha kizibo. Vizibo vya siku hizi ni kama vifungo viwili vya shati vilivyoshikana kiunoni. Kimoja hukaa upande huu wa ukuta, kingine upande wa pili.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi mgonjwa wa namna hii alingojea kupelekwa India. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwaka huo huo Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa hapa Dodoma, jirani na Chuo Kikuu. Hapa Chamwino penyewe ipo Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa baada ya fedha za sherehe za Uhuru za mwaka 2018 kuelekezwa huko. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa saa chache. Siku zile tulilala njiani.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila tundu huzibwa. Mapafu yakishambuliwa na damu nyingi kwa miaka mingi, mishipa yake hukakamaa, shinikizo hupanda, na mwisho damu hugeuza njia: ile iliyotumika huvuka kwenda upande wa kushoto. Midomo hupoteza rangi yake, ncha za vidole huvimba na kucha hubinuka kama mgongo wa kijiko. Huyo ukimziba tundu unaweza kumwua, kwa sababu tundu limekuwa mlango wake wa kupumulia. Ndiyo maana shinikizo la mapafu hupimwa kwanza, tena kwa mrija ulioingia moyoni, si kwa kukisia. Na ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Mwenzetu alipimwa eko Dodoma mjini, tundu likaonekana, la zaidi ya sentimita 2. Alipelekwa Dar es Salaam, shinikizo la mapafu likapimwa, likakutwa limepanda lakini halijavuka mpaka. Akazibwa kwa kizibo, kupitia pajani. Siku ya tatu alinipigia simu akisema ameamka usiku akidhani kuna kitu kimepotea, kumbe ni ule mzigo kifuani.

Hata hivyo, si yote yaliyorudi. Mapigo yake hayakutulia moja kwa moja, kwa kuwa vyumba vya juu vilikuwa vimetanuka miaka mingi mno. Hadi leo anameza dawa ya kuzuia damu isigande, na atazidi kuimeza. Angetambuliwa akiwa na miaka 20 au 30, yumkini asingeihitaji. Tofauti hiyo ndiyo deni letu. Watoto wake wanne nao waliitwa kupimwa, kwa sababu kasoro hizi mara nyingine hufuata ukoo. Wote wakakutwa salama.

Sasa nawaomba mambo matatu. Kwanza, msitoke hapa kila mmoja akidai eko kesho asubuhi. Wengi wetu tunaotweta tuna presha, tuna vitambi, au tumevuta sigara miaka 30. Lakini ikiwa una mlio wa moyo ambao haukupata maelezo, ikiwa mapigo yako yanakwenda ovyo, ikiwa ulipatwa na kiharusi bila sababu kujulikana, au ikiwa pumzi yako ilikuwa fupi kuliko ya wenzako tangu utotoni, basi mwambie daktari hivyo, tena kwa maneno hayo. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Pili, ukiambiwa ‘ni umri’, uliza kwa adabu, ‘Je, daktari, umri peke yake?’ Na ninyi wachache mlioshika kazi kama yangu, hasa mlio katika zahanati na vituo vya afya, kabla ya kuandika dawa ulizeni tangu lini, kisha sikilizeni mlio wa pili wakati mgonjwa anavuta pumzi na anapoitoa. Ni kazi ya dakika mbili.

Tatu, walimu mliopo na wazazi: mtoto anayebaki nyuma kila siku kwenye mchakamchaka, kabla hamjamwita mtegaji, mpelekeni apimwe. Pengine ni mtegaji kweli. Pengine siye.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa Ndugu Katibu. Zile orodha za Ijumaa nilizoziandika kwa mkono wangu sijui kama bado zipo katika makabati ya shule. Zipo au hazipo, naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kwamba aliyekuwa kiranja anafuta jina moja, kila lilipoandikwa, na anaomba radhi. Mwenyewe ameketi safu ya tatu. Leo amekuja kwa miguu kutoka stendi, na niliposhuka garini nilimkuta amekwisha kufika.